Kikundi cha Funua Chungu Chaomba Kuhojiwa Upya

RISALA YA WANAKIKUNDI WA FUNUA CHUNGU, KITONGOJI CHA KAMISHANGO, KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUFUNGUA GHALA LA CHAKULA

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Kamishango. Tunaanza kwa kukuomba radhi kwa vumbi lililo kwenye viatu vyako. Uwanja huu tuliumwagia maji tangu alfajiri, likapita lori la kwenda Rusumo, tukawa kama watu ambao hawakufanya kitu. Walio wadogo kwako wanakuamkia shikamoo. Walio wakubwa kwako ni wachache, wamekaa pale mbele, nao wanaisubiri ya kwako.

Tunafahamu kilichokuleta. Umekuja kufungua ghala letu, lile lenye utepe mlangoni, na kutukabidhi cheti cha kitongoji cha mfano kwa kuwa na ziada ya chakula. Tumekifurahia sana cheti. Hatujawahi kupewa cheti na mtu yeyote, na msumari wa kukitundikia umeshapigwa ukutani. Hata hivyo, kabla hujakata utepe, tunaomba utusikilize mpaka mwisho, maana kuna jambo tulilifanya sisi wenyewe kwa vinywa vyetu, na mwenye uwezo wa kulirekebisha ni wewe.

Risala nyingi husema "wananchi wanakabiliwa na," kisha hufuata orodha ndefu. Na sisi mwanzoni tuliandika hivyo. Kikao kikakataa, kikasema wananchi hawana sura, tumseme mtu mmoja anayejulikana. Akachaguliwa Bi. Ildefonsa Nyandwi, mjane na mkulima, anayeishi na wajukuu wake watatu katika nyumba ya nne juu ya barabara. Alikubali kusemwa kwa sharti moja, kwamba tuandike kuwa maharage yake ni bora kuliko ya mke wa Mashimba. Tumeandika.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kitongoji chetu kimekatwa katikati na barabara. Juu wako Wahangaza na Wasubi, wakulima wa siku nyingi. Chini wako Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao wakapapenda. Kama mababu zetu walikuwa watani, sisi hatuna habari. Utani wetu tulijitungia wenyewe, kwa sababu bila huo tungeshikana mashati kila ndama anapoingia shambani kwa mtu. Mtu wa juu akifiwa, watu wa chini wanachimba kaburi huku wakimsema marehemu kwa uvivu wake. Mtu wa chini akioza binti, watu wa juu wanaingia bila kualikwa na kulalamikia wali.

Mwaka 2017 mvua ilitukataa. Ildefonsa alikuwa amemzika mumewe mwaka mmoja nyuma, na shamba lililobaki lilikuwa jiwe. Kila jioni alikaa mlangoni na kijiti mkononi, akichokonoa meno taratibu, ili apitaye aone mtu aliyekula nyama ikamkwama. Watu walimsalimia wakaenda zao. Jikoni chungu kilikuwa motoni, ndani yake maji na majani machache ya maboga. Alitusimulia habari hizi mwenyewe baadaye. Njaa alikuwa ameizoea, alisema. Alichokiogopa ni uso wa mtu atakayeingia na kumwambia pole. Pole ya msiba aliipokea kama wengine wanavyoipokea. Pole ya chungu kitupu aliona hataiweza.

Alhamisi moja Mashimba, jirani wa chini ya barabara, alivuka akimtafuta ndama wake. Akakiona kile kijiti. Yeye ni mfugaji, anajua kinywa kilichokula na ambacho hakijala. Hakusalimia. Aliingia moja kwa moja jikoni kama mtani anavyoruhusiwa, akafunua chungu, akatazama, akacheka mpaka kuku wakakimbia.

"Mayu, nyie watu wa juu hata kupika hamjui," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Maji hayapikwi, yanaogwa. Ngoja nikuletee chakula cha watu wenye akili."

Alirudi na nusu debe ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, ambavyo nyumba za Kisukuma huviweka kwa ajili ya miezi mibaya. Ildefonsa alivipokea akamwambia vinafanana na masikio ya baba yake. Hakusema asante, kwa kuwa mtani hashukuriwi. Alimfukuza, akafunga mlango, akalia, kisha akapika. "Angenionea huruma ningemrudishia debe lake," alituambia. Kikundi kilianzia hapo, Mgeni rasmi, ingawa siku ile hakuna aliyejua kwamba kimeanza.

Kanuni zetu hazijabadilika tangu wakati huo. Kila Alhamisi mtu wa juu anavuka kwenda chini na wa chini anavuka kuja juu, kila mmoja kwa mtani aliyepangiwa. Anaingia jikoni bila hodi, anafunua chungu. Akikuta chakula, anakitukana kwa ladha yake na kuondoka. Akikuta hakuna, anamtukana mwenye nyumba, na kabla jua halijazama anarudi na kitu cha kupika. Mwenye chungu naye haruhusiwi kulalamika wala kujieleza. Anatakiwa ajigambe: aseme ameshiba, aseme chakula kimemshinda kumaliza. Atakayesema pole, iwe kwa mdomo au kwa macho, anatwanga mihogo ya mtani wake siku nzima. Benedicto, katekista wetu, alitwanga mara saba katika mwaka wa kwanza, zote kwa kosa la macho.

Ndugu Mwanaisha Yahaya, katibu wetu, ambaye ndiye anayekusomea, hana upande. Ukoo wake ulitoka pwani ukifuata biashara, na yeye anawapikia madereva wa malori pale Lusahunga. Tulimfanya mtani wa wote. Anatuletea wali uliobaki na ukoko wake, na anatukanwa na pande zote mbili za barabara.

MAFANIKIO

Leo tuna kaya arobaini na moja. Tangu tuanze, hakuna kaya iliyomaliza wiki bila mtu kuingia jikoni kwake na kujua hali. Ugomvi wa ng'ombe na mashamba umepungua, kwa kuwa ni vigumu kumshtaki mtu ambaye ulikula michembe yake juzi. Kila mavuno kila kaya inatoa debe moja la akiba, na ghala hili tumelijenga kwa matofali tuliyofyatua wenyewe. Watoto wetu wamejua kutukana kwa heshima, jambo ambalo walimu hawalipendi ila sisi tunalihesabu.

Mashimba alipovunjika mguu na kulala ndani msimu mzima, Ildefonsa alivuka barabara siku arobaini mfululizo. Alimwambia Msukuma asiyeweza kufuata ng'ombe ni mtu wa kawaida tu, hata Mhangaza anaweza kumuoa dada yake. Alimwambia mengine ambayo hatuyaandiki mbele yako. Kila tusi lilikuja na bakuli la maharage, na Mashimba akainuka amenenepa kuliko alivyoanguka. Mkewe mpaka leo hapendi tukilizungumzia hilo, na ndiyo asili ya lile sharti tuliloandika juu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba uvumilivu wako.

Vuli ya mwaka jana ilinyesha wiki tatu ikaaga. Masika ya mwaka huu ilichelewa, na mihogo iliyopona ukame imeshikwa na ugonjwa wa batobato, majani yamejikunja na mizizi haijazi kiganja. Mwezi wa saba ulitangazwa mradi wa kugawa chakula cha miezi ya kungoja mavuno pamoja na mbegu. Akatumwa binti mmoja, Naima, na kishikwambi chake, kuhoji kaya moja moja ili iandikwe orodha. Naima yupo hapa leo, tunamwona pale nyuma. Tunasema mbele ya wote kwamba hana kosa. Alikuwa na adabu, alitembea kwa miguu nyumba zote arobaini na moja, na aliandika alichoambiwa.

Bahati mbaya alikuja siku ya Alhamisi.

Alianza na nyumba ya Ildefonsa. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Akauliza kwa siku wanakula milo mingapi.

"Mitano," alisema Ildefonsa. "Wa sita tunampa mbwa."

Hana mbwa. Naima akaandika mitano. Akauliza habari ya nyama, akaambiwa kwamba nyama wameikinai, aandike wanaomba mboga. Kisha akauliza kama katika mwezi ule kulikuwa na siku ambayo mtu wa nyumba hiyo alilala bila kula.

Ildefonsa alituambia kwamba hapo moyo wake ulisita. Alimtazama yule binti akajua kuwa huyu si mtani, na swali lake ni la kweli. Alilitafuta lile jibu la kawaida, ambalo mtu yeyote mwenye njaa angelitoa, akalikosa. Alikuwa hajalitumia kwa miaka minane. Mdomo ukashika njia uliyoizoea, ukasema wajukuu wake wanalala kwa tabu kwa sababu ya kuvimbiwa. Naima akaomba kuona chungu, kama fomu yake ilivyomtaka. Akakuta maharage yanachemka, maana Mashimba alikuwa ameyaleta nusu saa nyuma pamoja na matusi yake. Akashukuru, akaaga.

Ilikuwa hivyo nyumba hadi nyumba. Jirani yake Adventina alisema wali anawapa nguruwe. Mashimba alisema ng'ombe wake wanakunywa maziwa, kwa kuwa watu wameshindwa kuyamaliza. Hakuna aliyepanga kumdanganya binti wa watu. Chungu kikifunuliwa siku ya Alhamisi sisi tunajigamba, na kila mmoja alidhani jirani yake atakuwa amesema la kweli. Jioni tulisimuliana majibu yetu tukacheka sana. Tunaona haya kukuambia jinsi tulivyocheka.

Mwezi wa nane tangazo likabandikwa. Kamishango tulikuwa wa kwanza, si katika wanaohitaji, bali katika wenye ziada. Nyuma ya tangazo ikaja barua ya ofisi ya mradi, ikituomba kwa upole tuwasaidie wenzetu wa kitongoji cha pili madebe ishirini ya mahindi.

Tungeweza kwenda ofisini siku ile ile tukaeleza. Badala yake tulikaa kikao. Mashimba alisema ni aibu watu wa milo mitano kuwanyima majirani. Alisema kwa utani, na kwa utani tulinyoosha mikono. Madebe yaliyotoka hayakuwa ya utani. Ghalani yalikuwemo ishirini na mawili, tukatoa ishirini, na mawili yaliyobaki tukayala mwezi ule ule. Waliopokea walikuwa na njaa kweli, tuliwaona walivyobeba, kwa hiyo hatuwadai wala hatujuti kwa upande wao. Lakini ghala utakalolifungua, Mgeni rasmi, halina kitu. Tumelifagia vizuri.

Alhamisi iliyopita Ildefonsa alivuka kwenda kwa Mashimba. Alifunua chungu akakuta maji. Mashimba naye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kufunua cha Ildefonsa, akarudi mikono mitupu. Wakasimama pale jikoni, kila mmoja anajua alichokiona kwa mwenzake. Miaka yote hii upande mmoja ukikosa, mwingine ulikuwa na chochote, na ndiyo maana matusi yetu yaliweza kuchekesha. Ildefonsa alisubiri atukanwe. Alimsaidia hata kuanza, akamwambia Wasukuma sasa wamejifunza kupika maji kama watu wa juu. Mashimba aliinamisha kichwa.

"Mayu," alisema, "leo sina tusi."

Ildefonsa alirudi nyumbani polepole. Alituambia kwamba kifo cha mumewe kilimuumiza, na mwaka 2017 ulimtesa, ila hofu iliyomshika katika kuvuka ile barabara hajawahi kuijua. Na sisi ilitushika alipotusimulia.

MAOMBI

Tulipoanza kuandika risala hii tulikuwa na maombi mengi. Tuliomba matuta barabarani kwa ajili ya watoto, tukaomba umeme, tukaomba soko. Yote tumeyakata kwa kalamu, unaweza kuyaona kwenye nakala utakayokabidhiwa. Tumebaki na mambo machache.

Orodha ya mradi inafungwa kesho Ijumaa. Tunaomba kabla haijafungwa Naima arudi atuhoji upya. Tunaahidi kujibu tulichoulizwa. Ahadi hii hatuitoi hivi hivi, tumeifanyia mazoezi. Jumapili baada ya misa tulikusanyika, Benedicto akajifanya ndiye mwenye kishikwambi, akatuuliza mmoja mmoja. Mara ya kwanza tulicheka wote hatukufika popote. Mara ya pili Adventina alisema anakula milo minne, tukampongeza kwa kupunguza mmoja. Tuliona kwamba kutania tumejua na kusaidiana tumejua, lakini kusema tulivyo kumetutoka, na hilo limetuhuzunisha kuliko chungu chenyewe.

Ndipo aliposimama Ildefonsa. Hakumtazama Benedicto, alitazama chini kwenye mikono yake.

"Tuna njaa," alisema. "Wajukuu wangu wanakula mara moja kwa siku. Jana hawakula."

Hakuna aliyecheka. Alikaa, akaomba maneno hayo yaandikwe kama alivyoyasema, bila kuongezewa "wananchi" wala "changamoto." Tumeyaandika. Ndilo jibu la kaya ya kwanza, na zilizobaki arobaini zinafanana nalo.

Kuhusu cheti, tunaomba ukitunze. Tukipata ziada ya kweli tutakuja kukichukua wenyewe, hata kwa bodaboda.

Mgeni rasmi, lipo ombi moja la mwisho. Halimo kwenye nakala aliyosomewa Ildefonsa, tumeliongeza yeye akiwa ameshaondoka.

Ildefonsa amebakiwa na makopo mawili ya maharage. Ni mbegu. Mvua tunaitazamia wiki mbili kuanzia sasa, na asipoyafukia hayo hana kingine cha kufukia, mradi ukija au usipokuja. Aliposikia kwamba unakuja aliyabeba, akasema hajawahi kuona mgeni akitoka Kamishango na tumbo tupu, na haitaanzia kwake. Tulimsihi. Mashimba alimtukana, na safari hii alijitahidi sana. Hakusikia. Sasa hivi yuko jikoni, nyuma ya ghala. Moto umewaka na maji yanachemka. Maharage yako kwenye ungo, bado anayachambua, na anayachambua taratibu kuliko mtu anavyochambua maharage.

Kipaza sauti tumekielekeza barabarani ili asisikie sehemu hii. Tukimaliza tu, atakuja mbele yako, atapiga magoti na kukuuliza kama aweke chunguni. Tunakuomba, Mgeni rasmi, umwambie umeshiba. Sema ulikula Ngara kabla ya kuondoka. Sema nyama umeikinai, sema chochote. Si jambo gumu, sisi tumelisema miaka minane. Tunachokusihi ni kwamba usimtazame kwa huruma wakati unalisema, kwa sababu ataitambua mara moja, na atayamwaga yote chunguni.

HITIMISHO

Tumekusomea yaliyo ya kweli, na kwa watu wa hapa hiyo ilikuwa kazi. Mungu akulinde katika barabara hii ya malori, aipe baraka nyumba yako, na awanyeshee mvua watu wa juu na watu wa chini kwa kipimo kimoja.

Ni sisi,
Wanakikundi wa Funua Chungu,
Kamishango, juu na chini ya barabara.

Imesomwa kwa niaba yao na Mwanaisha Yahaya, Katibu.